Fildi kiwanda kikubwa cha chai Mufindi, wiki ya kwanza imeisha sijashika hata spana. Mliopita mlifanyaje?

Kijana_wa_Nzovwe

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa wote. Mimi nasoma uinjinia mitambo mwaka wa pili hapa Mbeya, nimekuja fildi Mufindi kwenye kiwanda cha chai cha kampuni moja kubwa, jina naomba nisilitaje. Nina wiki nane. Leo Ijumaa nimemaliza ya kwanza na kusema kweli nimevunjika moyo.

Jumatatu nilipokelewa vizuri, watu wa utumishi wakanisainisha fomu, nikapewa ovaroli na helmeti nikapelekwa karakana nikaambiwa kaa hapa injinia anakuja. Injinia kaja saa sita, kaniuliza nasoma chuo gani, kabla sijamaliza kujibu simu yake ikaita akaondoka. Tangu siku hiyo nakaa kwenye benchi la mlangoni. Mafundi wanapita na mikoba ya spana, nikiwauliza niwasaidie nini wananiambia tulia kijana kazi zipo. Nimefagia karakana mara tatu, nimetumwa vocha mara mbili. Kwenye logibuku siku nne zote nimeandika kitu kimoja, "kuangalia kazi za karakana", na supervaiza wa chuo akija akakuta hivyo sijui nitamwambia nini.

Kingine, majani yanayoingia ni machache, kuna siku nusu ya mashine zimezimwa kabisa. Nimeanza kuwaza labda nimekuja kipindi kibaya. Hela ya bodi ya mikopo bado haijaingia, bi mkubwa aliuza magunia mawili ya viazi ndio nikapata nauli na kodi ya chumba, kwa hiyo kurudi nyumbani bila kujua kitu hapana, siwezi. Mliopita kampuni kubwa mlijifunzaje? Na baridi ya huku mnaikabili vipi maana usiku silali.

Mnyalukolo88

Kamwene mdogo wangu, pole sana. Mimi nilipita kiwanda cha chai kama hicho 2014, upande wa Njombe, na benchi nililikalia wiki mbili sio moja.

Kilichonitoa pale ni kuacha kuuliza "nikusaidie nini". Hilo swali fundi halipendi, sio kwamba ana roho mbaya, ni kwamba unampa kazi ya pili, ana mashine yake inamsumbua halafu aanze kukutafutia na wewe cha kufanya. Nikachagua mtu mmoja. Kulikuwa na mzee wa draya, ile mashine ya kukaushia chai, yupo pale tangu kijana, nikamfuata jioni wakati anabadilisha shifti nikamwambia baba naomba kesho nitembee na wewe shifti nzima nikubebee mkoba, sitakusumbua. Akasema njoo. Kuanzia hapo kila kitu nilichojifunza kimetoka kwa yule mzee, injinia nilikuwa namuona kwa mbali tu.

Sasa nikwambie na kosa langu maana nadhani litakufaa kuliko mafanikio. Wiki ya nne nilipewa kujaza karatasi ya draya usiku, kila nusu saa unaenda kwenye geji unasoma joto la hewa inayoingia na inayotoka unaandika. Kazi ndogo, niliidharau. Saa nane usiku, nje ukungu umeshuka huoni hata taa ya getini, mimi nimeegemea karibu na draya kuna joto zuri, usingizi huo. Nikaandika ya saa nane na nusu na ya saa tisa kwa kunakili namba za saa nane, sikunyanyuka. Kumbe huko boila wameanza kuchoma magogo ya mlingoti ambayo hayajakauka, presha ya mvuke imeshuka, joto la draya likashuka nalo, chai inatoka na unyevu na hakuna anayejua kwa sababu karatasi yangu inasema mambo ni safi.

Mzee akaja akachota kiganja cha chai pale inapomwagikia, akaifinya, akainusa, hakusema neno. Akaenda kwenye geji. Akarudi akachukua karatasi yangu akaiangalia muda mrefu halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, hii ya saa tisa umeisoma wewe? Nikamwambia hapana baba, nimenakili.

Chai ikitoka draya inatakiwa unyevu kama asilimia 3 hivi, ukizidi sana haikai kwenye gunia, inaharibika. Ile ilibidi ikaushwe upya na ikikaushwa mara mbili ubora unashuka. Mzee akanipigia hesabu pale pale usiku, kwamba kilo moja ya chai kavu imekula kilo nne na nusu mpaka tano za majani mabichi, na kila kilo ya majani hayo kuna mama kaichuma asubuhi na kapu mgongoni, majani mawili na kichomozi, majani mawili na kichomozi, mpaka kapu lijae. Hakunipeleka kwa bosi. Alichofanya alinisimamisha nisome geji kila dakika kumi mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na yeye amekaa pembeni. Siku hizi nipo kwenye mitambo ya maji na kila ninapoandika namba nimesimama mbele ya geji yenyewe.

Injinia_Mama_Mafinga

Marahaba mwanangu. Mimi ni injinia, viwanda vya chai nimefanya miaka kumi na kitu, kila Julai napokea wanafunzi kwa hiyo nitakujibu kama yule anayepokea simu ukiwa unajibu swali lake. Kwanza pole, na sisi tunakosea. Asubuhi yako ya kwanza ilitakiwa nusu saa ya kutulia na wewe, basi. Lakini mtu mmoja ana boila, ana jenereta, ana watu arobaini, mwanafunzi anajikuta wa mwisho. Usisubiri akukumbuke. Mfuate asubuhi kabla ya kikao cha kazi, sio saa sita, na usiende na ombi la jumla, nenda na kitu kimoja. "Injinia, jana nimeona feni ya kitanda namba tatu cha kunyaushia majani inatetemeka kuliko zingine, naweza kuwa na fundi wake leo?" Mwanafunzi wa hivyo namkumbuka jina mpaka leo.

Pili, hapo kwenye kipindi kibaya umekosea kabisa na ndio maana nimekaa kuandika. Chai yetu inachipua mvua zikiwepo, kuanzia huko Novemba Desemba mpaka Mei. Ikiingia baridi na kiangazi jani linakua polepole, kiwanda kinapata majani kidogo, na huo ndio muda tunaofungua mashine kuzifanyia matengenezo makubwa. Ungekuja Machi ungekuta kila kitu kinazunguka usiku na mchana, kimefungwa na mifuniko, ungeona chai inaingia huku inatokea kule ukaondoka. Sasa hivi mashine zipo wazi tumbo lote nje. Mwanafunzi wa mitambo anataka nini tena?

Nenda kaangalie rola za CTC, ile mashine ya kuponda, kuchana na kusokota jani, zikiwa zimetolewa. Zipo mbili mbili zinaangaliana, meno yamechongwa, na moja inazunguka kama mara 10 ya mwenzake. Hiyo tofauti ya kasi ndio inayolichana jani na kulisokota, zingezunguka sawa lingepita limebanwa tu. Meno yakichakaa jani halichaniki vizuri, maji yake hayatoki sawasawa, likifika kwenye kuchachuka halichachuki inavyotakiwa, na kikombe kinakuwa chepesi. Kwa hiyo yule fundi unayemuona kwenye mashine ya kuchongea, anachonga rola siku nzima hasemi na mtu, ladha ya chai ya kiwanda kizima ipo mikononi mwake. Kaa naye. Muulize anapunguza kiasi gani kila akichonga na rola ikifika kipenyo gani inatupwa. Hayo ndio ya kuandika kwenye logibuku, na uchore, michoro ya mkono hata kama mibaya. Mimi logibuku yenye michoro naisaini kwa furaha, yenye "kuangalia kazi za karakana" nasaini huku naumia. Ipeleke mwenyewe kila Ijumaa, usirundike wiki nne.

Na hili naomba ulisome mara mbili. Usitie mkono kwenye mashine yoyote iliyofunguliwa mpaka umeona kwa macho yako swichi yake imezimwa, imepigwa kufuli, kibao kimening'inizwa, na ufunguo upo mfukoni kwa fundi mnayefanya naye. Akikwambia "haina shida imezimwa" mwombe mkaangalie wote. Fundi mzuri hatakasirika. Akikasirika, acha akasirike. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, vifaa kinga ni jukumu la mwajiri, kwa hiyo glavu, buti na vya kuzibia masikio ukivikosa nenda ofisi ya usalama ukaombe bila woga, huombi hisani. Nimeshashuhudia kidole kikiondoka kwenye mkanda wa feni, kijana wa miaka ishirini na mbili, sitaki kuona tena.

BintiTukuyu

Mimi sio wa mitambo ni wa uhasibu ila nimeguswa nikaona nichangie. Fildi nilifanya kampuni kubwa ya vinywaji, nilikuwa upande wa stoo. Wiki tatu niliingiza tu karatasi kwenye Excel, makreti yaliyotoka, makreti matupu yaliyorudi. Siku moja mwisho wa mwezi hesabu zikagoma, kompyuta inasema makreti matupu yapo zaidi ya yale ya kwenye kadi ya stoo, watu wanabishana ofisini nani kakosea kuandika. Mimi nikatoka nikaenda uani nikaanza kuyahesabu, kwa mkono, mstari kwa mstari. Nikiwa kule nikaona rundo nyuma ya ukuta, makreti yaliyovunjika yametengwa, kompyuta inayahesabu kama mazima na mtu wa kadi ameshayatoa. Nilirudi nikawaambia, tukaenda wote kuangalia. Kuanzia kesho yake yule mama mhasibu mkuu akawa ananiita kwenye kila kikao, mimi nimekaa kona nasikiliza, na hapo ndipo nilipojifunza kampuni kubwa inavyofanya maamuzi.

Hakuna aliyenituma uani. Hata hivyo nilimuaga bosi wangu kwanza, usije ukaanza kuzurura kiwandani bila mtu kujua ulipo.

Sasa kuhusu baridi, kaka yangu nakuomba sana, USIINGIZE JIKO LA MKAA CHUMBANI UKAFUNGA MLANGO. Najua watu wa huko wanafanya na mwenye nyumba atakwambia mbona sisi tumezoea. Ile hewa ya sumu ya mkaa haionekani na hainuki, unalala huamki. Mtaani kwetu tumezika watu kwa hilo. Nenda mnadani Mafinga ununue blanketi zito na sweta mbili za mtumba, soksi vaa mbili mbili, maji ya moto weka kwenye chupa ya plastiki ngumu uifunge vizuri ulale nayo miguuni.

Kijana_wa_Nzovwe

Asanteni mno, nimesoma yote usiku huu nimejifunika blanketi (jiko nilikuwa naliingiza, dada, kuanzia leo linabaki nje, nashukuru umesema). Mama injinia shikamoo tena. Swali moja tu, huyo fundi wa rola yupo kweli ila ni mkali, mafundi wenyewe wanamuogopa. Nianzeje?

Mnyalukolo88

Msalimie kila asubuhi kwa heshima, hata asipojibu. Siku ya tatu nenda na daftari simama pale anapokuona, usiguse kitu, usitoe simu mfukoni. Simu ndio inawaudhi wazee kuliko kitu chochote.

Injinia_Mama_Mafinga

Na umfagilie chuma zilizoanguka chini ya mashine akizima, kwa brashi, sio kwa mkono, zinakata. Ataongea tu.

Kijana_wa_Nzovwe

Wakuu mrejesho, nipo wiki ya sita sasa.

Mzee wa rola alikaa kimya siku nne. Siku ya tano nilikuwa nachora meno ya rola kwenye daftari, akaja nyuma yangu akaangalia, akasema pembe umeikosea. Akachukua penseli yangu akachora mwenyewe, halafu akanishika mkono akaupitisha kwenye rola mpya taratibu kisha kwenye iliyochakaa, akaniambia funga macho niambie ipi ni ipi. Ya kwanza inakwaruza, ya pili inateleza kama imepakwa mafuta. Tangu siku hiyo nipo naye. Nimechonga rola moja nzima yeye amesimama pembeni, nilipunguza zaidi kidogo upande mmoja, nikakumbuka ya karatasi ya draya nikamwambia hapo hapo kabla hajapima. Akapima, akasema tutairekebisha pande zote zilingane, itaishi muda mfupi kidogo lakini itafanya kazi. Injinia naye nilimfuata saa moja na nusu asubuhi na swali moja kama mlivyosema, sasa ananiita kwa jina.

Supervaiza wa chuo kaja juzi, kafungua logibuku kakuta kurasa kumi na moja za michoro, akakaa kusoma mpaka gari lake likaanza kumpigia honi.

Jumatatu tunarudisha rola kwenye mashine na mzee kasema kufuli ya swichi nitaifunga mimi na ufunguo utakaa mfukoni kwangu.