Mjadala: Je, mtoto asiyetulia darasani anyimwe mapumziko?

Mwanzisha mada, Tabata

Ndugu zangu, naomba tujadili jambo lililotugawa pande mbili katika kikao cha wazazi wiki iliyopita, tukaondoka bila kuelewana. Katika shule anayosoma mwanangu wa darasa la pili, mtoto ambaye hajamaliza kunakili kazi ubaoni kwa sababu ya utukutu hubakizwa darasani wakati wenzake wakienda mapumziko, na sasa limetolewa pendekezo kwamba watoto wa namna hiyo waongezewe tuisheni ya jioni. Wengi waliafiki. Mimi nilipinga, na bado napinga.

Mwanangu ni mmoja wao. Huamka saa kumi na nusu alfajiri, kwa kuwa basi la shule huanza kuzunguka mitaani mapema ili kuiwahi foleni ya Barabara ya Mandela. Wataalamu wa usingizi wa Marekani wanashauri mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale kwa muda wa saa 9 hadi 12 kila siku. Wangu akilala saa tatu usiku, ameambulia saa saba na nusu. Mtu mzima aliyekosa usingizi husinzia, lakini mtoto mara nyingi huwa kinyume chake: huchachawa, hushika hiki akaacha kile, na mwalimu akamwandika mtundu.

Zamani nilikuwa nikimkalisha mezani na hesabu 12 za kujumlisha. Akifika ya tatu penseli imeshaanguka, ameifuata chini ya meza, na huko chini amekuta kizibo cha soda ambacho tayari kimekuwa gari. Siku hizi naufunika ukurasa kwa karatasi, naacha hesabu tatu tu zionekane, na vizibo hivyohivyo ndivyo anavyohesabia. Akizimaliza hukimbia bombani uani, hujaza kikombe, humwagilia mchicha wa mama yake, kisha hurudi. Safari nne, hesabu 12, na muda tunaoutumia ni mfupi kuliko ule tulioupoteza kwa kugombana. (Mchicha nao umestawi kuliko wa jirani.)

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Mtoto anayetoka kwenye basi na kuingia tuisheni atazipata wapi dakika hizo, ikiwa hata mapumziko amenyang'anywa?

Mwalimu wa shule ya msingi, Temeke

Mzazi mwenzangu, nakuheshimu, lakini umetueleza habari za mtoto mmoja na meza moja. Mimi nina watoto zaidi ya 100 katika chumba ambacho kwa kiwango cha serikali kingekuwa na 45, na dawati la watatu linakaliwa na watano. Kuanza kwa elimu bila malipo mwaka 2016 kulikuwa jambo jema, kwani kuliwaleta shuleni watoto waliokuwa wakibaki nyumbani. Ila kuta hazikutanuka. Nikimruhusu mmoja akamwagilie mchicha, darasa zima litapenda kilimo.

Tuseme pia lile ambalo wazazi hukwepa kulisema. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vinavyotolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini ya maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Sote tunajua kuwa fimbo nyingi hazipitii mlango huo. Mwalimu anayembakiza mtoto ndani badala ya kumchapa anaona ametenda hisani, na wapo wazazi wanaotuletea fimbo wenyewe, wakituambia samaki hukunjwa angali mbichi.

Mama wa watoto wanne, Magomeni

Mbona hakuna aliyeuliza umri? Mjini hapa tunashindana kumwingiza mtoto darasa la kwanza akiwa na miaka mitano ili tukajisifu, halafu tunashangaa hakai kitako. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 uliangalia majimbo ambako mtoto huanza shule kwa kigezo cha kutimiza umri ifikapo Septemba 1. Waliozaliwa Agosti, ambao ndio wadogo kuliko wote darasani, walipewa jina la ugonjwa wa kutotulia kwa kiwango kilichozidi kwa asilimia 34 kile cha waliozaliwa Septemba. Mwezi wa kuzaliwa haumpi mtu ugonjwa! Wa tatu wangu nilimrudisha awali mwaka mmoja, nikachekwa na mawifi, na leo halalamikiwi na mwalimu yeyote.

Halafu msisingizie pipi. Jambo la sukari limepimwa mara nyingi, na halikuonekana kuwachachua watoto.

Mwanzisha mada

Mwalimu, hoja ya idadi naikubali, wala sitaki kukubebesha mzigo wa serikali. Hata hivyo, watoto 100 wanaweza kusimama pamoja na kuimba jedwali la mbili kwa kupiga makofi, jambo ambalo najua walimu wa madarasa ya chini hulifanya kila siku. Yule asiyetulia anaweza kukaa mbele, mbali na dirisha, akawa ndiye mfuta ubao na mgawa madaftari, akapata ruhusa ya kunyanyuka bila kuvunja sheria. Kazi ambayo hajaimaliza ipunguzwe nusu, kwa maana aliyejumlisha sita sawasawa ameshaonyesha kuwa anajua kujumlisha.

Mama, kuhusu umri umenifumbua macho, kwani wangu aliingia akiwa na miaka mitano na miezi minane.

Sikatai kwamba wapo watoto wenye tatizo halisi la umakini, wanaohitaji daktari na wakati mwingine dawa. Lakini mtaalamu hampi mtoto jina hilo kwa malalamiko ya mwalimu mmoja: dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zidumu angalau miezi sita, na zionekane nyumbani pamoja na shuleni. Kabla ya hapo apimwe macho na masikio, maana asiyeuona ubao naye hugeuka kumchokoza jirani. Kwa aliye na mashaka, Muhimbili kuna idara ya afya ya akili, na hakuna aibu kupanda ngazi zake.

Katika kikao kijacho nitaomba mawili tu: mapumziko yasiguswe, na tuisheni iwe hiari. Kuhusu usingizi, nimezungumza na wazazi wawili wa mtaani kwetu, na tunafikiria kuchangia bajaji itakayowachukua watoto wetu watatu saa kumi na mbili na robo, badala ya basi la alfajiri. Dereva yupo tayari. Tunachovutana bado ni bei.