Ugonjwa wa mdogo wangu umefika barazani kabla ya kufika nyumbani: tuna haki gani?

Mwalimu wa Wete

Assalamu alaykum. Naomba ushauri wenu katika jambo ambalo limetukosesha raha nyumbani kwa takriban mwezi mzima, na ambalo naamini halijatupata sisi peke yetu hapa Pemba.

Mdogo wangu, kijana wa miaka 21 anayejishughulisha na uvuvi, alikohoa kwa zaidi ya wiki tatu. Nilimpeleka mwenyewe katika kituo kimoja cha tiba, ambacho sitakitaja, na huko akapewa kikopo cha makohozi. Juu ya kifuniko chake yaliandikwa kwa kalamu nzito majina yake yote matatu, na chini ya majina ukaandikwa ugonjwa uliokuwa ukichunguzwa, yaani kifua kikuu (TB). Kikopo kile kikawekwa kwenye kizingiti cha dirisha la maabara, mbele ya benchi lililokaliwa na watu wasiopungua kumi, na kilikaa hapo mpaka mhusika aliporudi kukichukua. Siku ya majibu hatukuitwa kwa jina wala kwa namba. Sauti ilitoka mlangoni: "Yule wa TB aje huku." Mdogo wangu aliinuka, akaniachia mimi viatu vyake nimshikie, akaenda bila ya kumtazama mtu.

Hayo ningeyastahamilia. Yaliyonishinda ni ya jioni ile ile, wakati nikimsubiri mama amalize sala ya Magharibi ili nizungumze naye kwa utaratibu, akatokea jirani kuja kutupa pole. Yeye alielezwa na mumewe, na mumewe aliyasikia barazani kwa mtu ambaye jamaa yake anafanya kazi katika kituo kile. Ilipofika Ijumaa, nahodha wa chombo anachovulia alimtaka apumzike kwanza. [Sehemu iliyofuata hapa nimeiondoa.] Mdogo wangu alimeza dawa kwa siku 12, kisha akakataa kurudi kuchukua nyengine, na anasema kuwa hawezi tena kupita mbele ya benchi lile.

Nataka kujua iwapo waliyoyafanya yanaruhusiwa, iwapo anaweza kuhamia kituo chengine na karatasi zake, na iwapo kuna pahala pa kulalamika bila ya kulifanya jambo hili lizidi kuenea.

Muuguzi Mstaafu, Unguja

Waalaykumu salaam, Mwalimu. Nimekuwa muuguzi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na habari yako imeniuma, kwa sababu kila hatua uliyoieleza ninaijua inavyotokea, na kila moja ingeweza kuepukwa bila ya kugharimu hata shilingi.

Niruhusu nianze na dawa, kwani hizo hazisubiri malalamiko. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi 6: katika miezi 2 ya mwanzo mgonjwa humeza dawa za aina nne kwa pamoja, na katika miezi 4 inayobaki humeza za aina mbili. Siku ya 12 ndio wakati ambao wengi huanza kuona nafuu, kikohozi kikapungua na hamu ya kula ikarudi, lakini vimelea vingali vimo mwilini. Mtu akikatisha hapo, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa umeshakuwa sugu, na usugu unahitaji dawa nyengine ambazo ni nzito zaidi kwa mwili. Kwa hiyo arudi kwenye dawa kesho asubuhi, na aseme kwa ukweli siku alizokosa, maana mtibabu atahitaji kuzihesabu. Na mwambie nahodha wake, iwapo mwenyewe ataridhia uzungumze naye, kwamba wagonjwa wengi huacha kuambukiza wengine baada ya wiki chache za dawa sahihi, na kwamba atakapothibitishiwa hivyo na mtibabu wake hapatakuwa na sababu ya kuzuiliwa asipande chombo.

Kuhama kunawezekana. Mgonjwa wa kifua kikuu huhamishwa kwa fomu maalumu inayoonyesha dawa alizoanzishwa, tarehe na majibu ya maabara, na kituo anachokwenda humwandika katika daftari lake. Hatakiwi kutoa sababu ndefu. Inatosha kusema kuwa anataka kituo kilicho rahisi kwake kufika.

Sasa kuhusu kile kikopo. Tulifundishwa kuandika ubavuni mwa kikopo na si kwenye kifuniko, kwa kuwa vifuniko hubadilishana pale maabara inapofungua vikopo vingi kwa pamoja, na hapo mtu asiye na ugonjwa hupewa majibu ya mgonjwa. Jina au namba ya utambulisho na tarehe vinatosha. Ugonjwa unaochunguzwa huandikwa katika fomu ya maombi inayokwenda pamoja na kikopo, na fomu hiyo huipokea mtu wa maabara mkononi. Kwa hiyo aliyeandika juu ya kifuniko alikosea mara mbili, kwa usahihi wa kazi na kwa siri ya mgonjwa.

Wenye haki ya kujua ni wachache: mtibabu, mtu wa maabara, mtoa dawa, na mratibu anayefuatilia wagonjwa wa kifua kikuu. Huyo wa mwisho ana kazi ya kuwachunguza watu wanaoishi nyumba moja na mgonjwa, hasa watoto walio chini ya miaka 5, ambao huweza kupewa dawa za kinga. Ufuatiliaji huo ni halali na ni wa lazima, na ninakuombeni mumpokee atakapokuja. Lakini yeye huja nyumbani kwenu, huongea nanyi, na hana ruhusa ya kuanzia kwa jirani.

Nina jambo moja jengine, na ninalisema kwa mapenzi. Umeandika kuwa ulikuwa ukisubiri kuzungumza na mama. Kijana ana miaka 21. Je, yeye alikuruhusu umwambie?

Mkaazi wa Micheweni

Poleni sana, Mwalimu. Mimi nina mawazo tofauti kidogo na naomba nisieleweke vibaya. Huku vijijini maradhi ya mtu ni ya watu wote. Mtu akilazwa, jirani ndiye anayepika uji, ndiye anayetafuta gari usiku, ndiye anayechangisha nauli ya kumvusha Unguja. Tukisema kwamba kila kitu kiwe siri, nani atamsaidia mgonjwa? Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Na huu ni ugonjwa wa kuambukiza. Mimi nikiwa nimekaa na kijana huyo chombo kimoja, nina haki ya kujua ili nikapime.

Muuguzi Mstaafu, Unguja

Ndugu yangu wa Micheweni, hoja yako ina uzito na inasemwa na watu wema. Kuhusu chombo kimoja, uko sahihi kwamba waliokaa naye kwa muda mrefu, kwa ukaribu, pahala pasipo na hewa ya kutosha, wanafaa kuchunguzwa. Kazi hiyo ina mwenyewe. Mratibu humuuliza mgonjwa anaishi na nani na anafanya kazi na nani, kisha huwafuata watu hao na kuwashauri wapime, na anaweza kufanya hivyo bila ya kuwaambia nani aliyewataja. Wewe unapata kipimo chako, naye anabaki na sitara yake.

Ama methali, mimi naisoma hivi: inamtaka mgonjwa asimfiche mganga. Mgonjwa atawezaje kutomficha mganga, iwapo anajua kuwa maneno yake yatafika barazani kabla ya yeye kufika nyumbani? Nimewahi kumpokea mama aliyevuka bahari kutoka Pemba kuja Unguja kwa uvimbe wa titi ambao alikuwa nao kwa zaidi ya mwaka, na nilipomuuliza mbona amechelewa, alinijibu kwamba katika kituo cha kwao kuna mtoto wa wifi yake. Hakusema zaidi ya hilo. Uji wa jirani ni neema kubwa, lakini mwenye kuugua ndiye anayestahiki kumwita jirani huyo.

Mwanasheria, Chake Chake

Mwalimu, nimesoma kwa makini na nitajaribu kukujibu suala la sheria kwa lugha nyepesi, ingawa lenyewe si jepesi.

Msingi upo katika Katiba ya Zanzibar ya 1984, ambayo kifungu chake cha 15 kinampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa nafsi yake, maisha yake binafsi na familia yake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 ina haki kama hiyo katika ibara ya 16. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba faragha ya mgonjwa ni hisani ya daktari.

Ugumu unakuja tunaposhuka chini ya katiba. Wengi hapa wamesikia habari za Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida haziruhusiwi kutumiwa bila ya ridhaa ya maandishi ya mwenyewe, na imeunda Tume ya kupokea malalamiko. Lakini sheria hiyo yenyewe inasema kwamba kwa upande wa Zanzibar haitumiki katika mambo yasiyo ya Muungano, na afya si jambo la Muungano. Mtu wa Tanga ambaye kituo chake kimemtangaza anaweza kwenda moja kwa moja kwenye Tume. Mtu wa Wete atakutana kwanza na suala la iwapo mlango huo ni wake. Kwa maoni yangu hili ni pengo linalopaswa kuzibwa na Baraza la Wawakilishi kwa sheria yetu wenyewe, hasa wakati huu ambao madaftari ya hospitali yanahamia katika kompyuta na wahudumu wa afya wa jamii wanapita majumbani na simu zinazorekodi kila wanachoambiwa. Daftari likisahauliwa wazi mezani huonwa na anayepita. Faili la kompyuta lisilo na ulinzi linaweza kuonwa na yeyote, popote alipo.

Hata hivyo hamkuachwa bila ya njia. Andikeni barua kwa mkuu wa kituo, mkieleza tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na nani alikuwepo, lakini ugonjwa msiutaje kwa jina zaidi ya inavyohitajika. Barua ifungwe katika bahasha, ikabidhiwe mkononi, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Msipojibiwa kwa muda wa kuridhisha, pelekeni nakala kwa Daktari Dhamana wa Wilaya, na iwapo mnamjua mtumishi aliyeyatoa maneno nje, baraza linalosimamia taaluma yake linaweza kumwita. Mwenye kulalamika awe ni kijana mwenyewe, au akupe idhini kwa maandishi. Na tafadhali, barua hiyo isipigwe picha ikatumwa katika kundi la WhatsApp la familia. Nimeona kesi mbili zikiharibika kwa njia hiyo.

Mzanzibari wa ughaibuni

Mimi ninafanya kazi mapokezi katika ofisi ya daktari nchini Marekani, na huenda mkafaidika kujua namna mambo yalivyo huku, kwa kuwa watu hudhani kuwa siri ya mgonjwa maana yake ni kutotamka kitu. Sheria kuu ya huku kuhusu siri za mgonjwa, iitwayo HIPAA, ni ya 1996. Haikatazi kumwita mgonjwa kwa jina katika chumba cha kusubiria, wala kumtaka aandike jina lake katika karatasi ya waliofika. Inachokataza ni kuliunganisha jina hilo na ugonjwa mbele ya watu. Kila mfanyakazi anatakiwa aone kiasi kile tu cha taarifa kinachohitajika kwa kazi yake, hivyo mimi ninaona miadi na bima, lakini sina shughuli ya kufungua majibu ya maabara. Mgonjwa akiomba nakala ya faili lake, kwa kawaida ni lazima apewe ndani ya siku 30.

Tena sheria hiyo inawabana watoa tiba, mashirika ya bima na wanaowafanyia kazi. Jirani aliyesikia na akasimulia haimgusi. Kwa hiyo hata huku, ulinzi wenyewe uko dirishani na mlangoni. Ofisi yetu ilisogeza viti vya kusubiria hatua chache kutoka dirishani, na kabla ya hapo mimi mwenyewe nilikuwa nikisikia kila kitu.

Mwalimu wa Wete

Nakushukuruni nyote, na Mwenyezi Mungu akulipeni kheri. Ndugu yangu wa Micheweni, nawe nakushukuru, kwani ulilolisema ndilo lililosemwa na baba yetu mdogo, na sasa nina jawabu la kumpa.

Bibi Muuguzi, suala lako la mwisho lilinikosesha usingizi. Sikuwa nimemuuliza. Nilijiona mimi ndiye mkubwa, ndiye niliyempeleka, na kwa hivyo ndiye mwenye habari. Jana usiku nimemsomea majibu yenu yote kutoka mwanzo. Alisikiliza kimya, kisha akaniambia kwamba alikusudia kumwambia mama yeye mwenyewe, kwa maneno yake, na kwamba kilichomuuma zaidi ya kuitwa "yule wa TB" ni kunikuta mimi na mama tumeshazungumza. Aliniomba pia nifute maneno fulani niliyoyaandika humu juu ya mambo yake mengine, nami nimeyafuta kama mnavyoona.

Leo asubuhi tumekwenda kituo chengine na fomu ya uhamisho. Pale hakuna chumba cha ziada wala pazia jipya. Mtoa dawa alitoka nje, akamfuata mdogo wangu alipokuwa amesimama chini ya mwembe, akamwambia kwa sauti ya chini, "Twende tukazungumze ndani." Mimi nilibaki nje. Barua ya malalamiko ameiandika mwenyewe, na ameniomba nimsahihishie tahajia tu.