Uzamili: famakolojia au toksikolojia? Naombeni ushauri

Mgeni_wa_Maabara: Wakuu, habari zenu. Nimemaliza shahada ya kwanza ya famasia na nimepata nafasi mbili za uzamili, zote idara moja. Ya kwanza ni famakolojia (jinsi dawa zinavyofanya kazi mwilini), ya utafiti mtupu: maabara na tasnifu. Ya pili ni toksikolojia (elimu ya sumu na madhara yake), yenye masomo mengi ya darasani na mradi mfupi mwishoni. Nikisoma mitaala naona mambo yaleyale: fiziolojia, biokemia, takwimu. Mliopita huko, mngechukua ipi?

Bibi_Dozi: Karibu mwanangu. Mitaala inafanana, maswali hayafanani. Chukua parasetamoli. Mtu wa famakolojia anauliza inashushaje homa, inafika wapi mwilini na inatoka baada ya muda gani. Mtu wa toksikolojia anauliza kwa nini dawa hiyohiyo ikizidi inaua ini. Sehemu ndogo yake hugeuzwa na vimeng'enya vya ini kuwa kemikali kali iitwayo NAPQI. Kwa dozi ya kawaida glutathioni, kinga ya asili iliyomo ndani ya seli, huizima. Dozi ikizidi, glutathioni inakwisha, NAPQI inazishambulia protini za seli, na seli zinakufa. Ndiyo maana mgonjwa hupewa asetilisisteini ili mwili utengeneze glutathioni upya, na inamkinga vizuri zaidi akiipata ndani ya saa 8. Kama hadithi hii imekushika kuliko ile ya homa, basi jibu unalo.

Tone_kwa_Tone: Naheshimu maneno ya Bibi, ila mimi ningeanza na kitu kingine: siku yako itapitaje? Nilisoma famakolojia ya utafiti. Miezi mingi kazi yangu ilikuwa kipande cha utumbo wa panya, kama sentimita mbili, nimekifunga uzi na kukining'iniza kwenye maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 37, oksijeni ikitokota chini yake. Unaongeza kidogo asetilikolini, kemikali inayofanya utumbo ujikaze, unaona mstari unapanda kwenye skrini, unasuuza, unasubiri, unaongeza tena. Oksijeni ikikatika, kipande kinakufa na siku imekwisha. Nilikipenda kile kimya cha kusubiri. Mwenzangu hakukiweza, akahamia masomo ya darasani, na leo anafanya vizuri sana.

Msoma_Lebo: Mimi nipo upande wa usajili wa dawa. Wengi hudhani huku wanatakiwa watu wa toksikolojia peke yao. Si kweli. Frances Kelsey alipata uzamivu wa famakolojia Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1938. Mwaka mmoja kabla, akiwa bado mwanafunzi, alishiriki majaribio ya wanyama yaliyoonyesha kwamba muuaji katika eliksiri ya sulfanilamidi, dawa ya maji ya kutibu maambukizi ya bakteria, alikuwa kiyeyusho chake, diethilini glaikoli. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Mwaka 1960 akaajiriwa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, akaletewa faili la thalidomaidi, dawa ya usingizi iliyokuja kujulikana kulemaza watoto tumboni, akakataa kuipitisha kwa sababu ushahidi wa usalama haukumtosha. Kichwa cha shahada yake kilisema famakolojia, lakini jicho lake lilifunzwa na sumu.

Mgeni_wa_Maabara: Asanteni sana. Hiyo ya NAPQI nimeisoma mara tatu. Shida ni kwamba toksikolojia ndiyo yenye mradi mfupi, na natamani kuendelea hadi uzamivu.

Bibi_Dozi: Hapo umesema jambo zito. Kwa anayetaka uzamivu, ningechukua ya utafiti hata kama jina ni famakolojia, mradi msimamizi anafanya kazi za usalama wa dawa. Ini halijui mipaka ya idara. Ila usisaini kabla hujaongea na wanafunzi wake, yeye akiwa hayupo. Mimi sikuuliza. Msimamizi wangu wa kwanza alikaa na sura yangu ya pili miezi mitano bila kuisoma, nikalazimika kuhama na kuanza mada upya. Uliza: rasimu hurudi baada ya muda gani? Waliotangulia walimaliza lini? Vibali vya maadili vya kutumia wanyama vipo tayari au utavianza wewe?

Tone_kwa_Tone: Vibali! Hilo liulize la kwanza kabisa, mkuu.

Mgeni_wa_Maabara: Nimeongea na wawili wa maabara ile ya famakolojia. Rasimu hurudi ndani ya wiki mbili, vibali vipo, na mmoja anakuza seli za ini na kuzipima dhidi ya dawa za kifua kikuu. Ameniambia nije Jumatatu nimwangalie akifanya kazi. Nakwenda.