Chaza wa asili: haplotaipu zikiwa nyingi ina maana wako salama?

MwanaMikoko ameandika:

Wadau habari za saa hizi. Naomba msaada kwa waliosoma jenetiki au mambo ya bahari. Nafanya masters yangu juu ya chaza wa mikokoni hapa pwani ya Kenya, wale wanaoganda kwenye mizizi ya mikoko na kwenye mawe, Saccostrea cucullata. Plani yangu ni kusikwensi (kusoma herufi za) kipande cha DNA ya mitokondria, vile vijisehemu vya seli vinavyotengeneza nishati na vyenye DNA yao wenyewe, ile jeni ya COI, nione kama chaza wa Gazi na wa Mida ni kundi moja au wametengana.

Sasa katika kusoma kazi za wenzetu kuna vitu viwili vimenikwama. Kwanza lava wa chaza, yaani kile kitoto chake kabla hakijaganda, anaelea majini wiki mbili hadi tatu, mkondo unambeba, sasa mbona Marekani wamekuta chaza wa Atlantiki na wa Ghuba ya Mexico wana mitokondria tofauti kabisa na hakuna ukuta baharini pale? Pili, karibu kila pepa inasema haplotaipu (yaani matoleo tofauti ya hiyo DNA) ni nyingi mno, na kuna mkubwa mmoja ameshaniambia kwamba zikiwa nyingi basi chaza wako sawa, watu wavune tu. Moyo wangu unakataa lakini hoja sina. Huku kuna kikundi cha akina mama wanagonga hao chaza kila bamvua maji yakitoka, na sasa wanataka kuanza kufuga kwa kuleta mbegu (chaza wachanga) kutoka mbali, kwa hiyo si swali la darasani tu.

Kaskazi_Kusi ameandika:

Karibu mdogo wangu, hapo umegusa penyewe.

Hiyo ya Marekani ni kazi ya Reeb na Avise ya 1990. Walichukua chaza 212 wa aina ya Crassostrea virginica kuanzia Ghuba ya St. Lawrence kule Kanada mpaka Brownsville, Texas, wakaikata mitokondria yao kwa vimeng'enya 13, wakapata haplotaipu 82. Angalia hapo, chaza 212 haplotaipu 82! Lakini hizo 82 zikajigawa zenyewe mafungu mawili yanayopishana kama asilimia 2.6, na mpaka wake uko katikati ya pwani ya mashariki ya Florida, kaskazini ya pale fungu moja, kusini na kuzunguka mpaka Texas fungu la pili. Na si chaza peke yake, kuna viumbe wengine wa pwani ile ile kama kaa wa kwato za farasi (horseshoe crab) wanaonyesha mkatiko maeneo yale yale, kwa hiyo ni historia ya pwani yenyewe, mambo ya usawa wa bahari kupanda na kushuka zama za barafu, si suala la mkondo wa leo tu.

Na hiyo habari ya lava kuelea wiki tatu watu wanaipa uzito kupita kiasi. Kuelea si kusafiri. Chaza wanakaa kwenye milango ya mito na hori, na lava wao si takataka inayobebwa tu, wanapanda na kushuka kwenye maji na hiyo inawasaidia kubaki ndani ya hori walimozaliwa. Anayetoka nje akafika mbali yupo, ila akifika lazima apate pa kugandia, apate chumvi inayomfaa, akue, azae. Wengi hawafiki huko.

Kuhusu la pili, huyo mkubwa wako amechanganya vitu viwili. Jike mmoja wa chaza anamwaga mayai kwa mamilioni, karibu wote wanakufa wakiwa lava. Sasa ikitokea mama wachache wamezaa siku ambayo chakula kipo na maji yametulia, watoto wao ndo wanajaza mawe yote, na maelfu ya mama wengine hawaachi hata mmoja. Mtafiti Hedgecock ndiye aliyelisukuma sana wazo hili miaka ya 1990, analiita uzazi wa bahati nasibu. Na mitokondria inarithiwa kwa mama peke yake (kome wa Mytilus wana utaratibu wa ajabu ambapo na baba anawapa wanawe wa kiume ya kwake, chaza hawana hiyo), kwa hiyo unachosoma kwenye COI ni rekodi ya mama waliobahatika tu. Ndo maana unaweza kuwa na mwamba umejaa chaza mpaka huoni jiwe halafu mama waliochangia ni wachache sana.

Na haplotaipu nyingi zinaweza kuwa urithi wa zamani, wa enzi ambazo chaza walikuwa tele. Ukivuna sana miaka kumi hazipotei zote mara moja, zile adimu ndo zinaanza kuondoka kimya kimya, na ile namba ya jumla itaendelea kuonekana nzuri. Kwa hiyo kusema namba iko juu basi vuneni, hapana, hiyo hoja haisimami.

jike_dume ameandika:

Naongezea alipoishia Kaskazi_Kusi. Chaza wengi wanaanza maisha wakiwa madume halafu wakikua wanageuka majike. Sasa fikiria akina mama wanavyovuna, nyundo na patasi, mtu anachagua wale wakubwa kwanza kwa sababu ndo wana nyama, yaani wanaoondoka kwanza ni wale wale wenye mitokondria ya kurithisha. Kwa hiyo ukienda field usiokote tu chaza ukatia kwenye kichupa, pima urefu wa kila ganda na uandike, utalihitaji hilo.

Halafu kuna kazi ya chaza bapa wa Ulaya, Ostrea edulis, ya mwaka 2004 ya Diaz-Almela na wenzake. Walipima chaza wale wale kwa njia mbili, mitokondria na maikrosatelaiti, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia, za kwenye kiini cha seli ambazo zinatoka kwa mama na baba, tofauti kati ya sehemu na sehemu kwenye mitokondria ikatoka kama mara kumi zaidi. Kwa kawaida unategemea mitokondria ionyeshe tofauti zaidi kwa sababu inapita upande mmoja tu, lakini mara kumi ni nyingi mno, wakasema inaonyesha majike wanaofanikiwa kuzaa ni wachache kuliko madume. Hiyo ndo hoja ya kumpelekea mkubwa wako.

Fundi_Sampuli ameandika:

Mi nasema kitu kimoja kabla hujahesabu haplotaipu hata moja, hakikisha unapima spishi moja! Saccostrea ni tabu tupu, ganda linachukua umbo la pale lilipogandia, kwenye mzizi linakuwa hivi kwenye jiwe linakuwa vile, na hilo jina cucullata watu wameliweka kwa chaza wa Bahari ya Hindi na Pasifiki wengi tu ambao mitokondria inaonyesha ni koo kadhaa tofauti. Ukichanganya koo mbili kwenye hesabu moja anuwai inapaa juu, unafurahi, kumbe umepima spishi mbili. Waulize wa Hong Kong, chaza wanafugwa pale miaka na miaka kwa majina ya kubahatisha, mwaka 2003 ndo Lam na Morton wakaonyesha ni spishi yake kabisa, wakaiita Crassostrea hongkongensis, na DNA ya mitokondria ndo iliyosaidia kuwatenganisha na ndugu zao. Kwa hiyo chora mti wa ukoo kwanza, weka sikwensi za Saccostrea za sehemu nyingine kwenye huo mti, uone wako wanaangukia wapi, halafu ndo uanze mambo ya takwimu.

Upande wa maabara, chukua ule msuli unaofunga ganda, usichukue tumbo maana limejaa mwani aliokula. Tia kwenye ethanoli ya asilimia 95 papo hapo ufukweni na baada ya siku moja ibadilishe, nyama ya chaza ina maji mengi inaipunguza nguvu. Chaza wana ute unaosumbua PCR (ile hatua ya kunakili DNA iwe nyingi), njia ya kutoa DNA kwa kemikali ya CTAB inausafisha vizuri. Praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR) za Folmer za 1994 anza nazo, zinakupa kama herufi 658, ila kwenye konokono na chaza wakati mwingine zinagoma, usikae nazo mwezi mzima, tafuta zilizotengenezwa kwa ajili ya chaza.

Kaskazi_Kusi ameandika:

Fundi umesema kweli tupu. Na mi niweke tahadhari kwenye ile kazi ya 1990 nisije nikampoteza mdogo wetu. Kabla yake watu walipima protini za chaza hao hao wakakuta karibu wanafanana kote. Mwaka 1992 Karl na Avise wakapima vipande vya DNA ya kiini, wakasema navyo vinaonyesha mkatiko ule ule, kwa hiyo protini ndo zinadanganya kwa sababu uteuzi wa asili unazishikilia zibaki sawa. Mwaka 1996 timu nyingine ikapima vipande vingine vya kiini na haikuuona huo mkatiko. Kwa hiyo mdogo wangu mitokondria peke yake usiipe kesi nzima, hata kama hela ni kidogo tafuta alama kadhaa za kiini uweke pembeni yake. Mitokondria yote inarithiwa ikiwa kipande kimoja, ukipima jeni kumi za ndani yake bado ni ushahidi wa shahidi mmoja.

MwanaMikoko ameandika:

Asanteni sana jamani, nimepata mwanga mkubwa. Swali la mwisho, Gazi na Mida mkondo wa pwani kwetu unapanda kaskazini, je nikikuta hakuna tofauti naweza kuwaambia akina mama walete mbegu kutoka popote?

jike_dume ameandika:

Hapana dada, usiwaambie hivyo. Kutoona tofauti kwenye COI kunaweza kumaanisha lava wachache tu kila kizazi wanavuka, hao wanatosha kufuta tofauti kwenye mitokondria lakini hawatoshi kujaza hori lililovunwa likaisha. Na mkondo unakuwa na nguvu wakati wa kusi, kaskazi unapoa na ule wa Somalia unageuka kushuka wanakutana kule juu, kwa hiyo kama bajeti inaruhusu chukua sampuli za mbegu changa misimu yote miwili uzilinganishe na wakubwa wa pale pale. Mbegu za msimu mmoja zikiwa na haplotaipu chache kuliko wakubwa, hapo umeiona ile bahati nasibu kwa macho yako.

Halafu mbegu haiji peke yake, inakuja na magonjwa. Ufaransa walikuwa na chaza wa Kireno, ambao COI ilionyesha mwaka 1998 kwamba asili yao ni Asia, inadhaniwa walisafiri na meli za Wareno, hizo hizo zilizokuwa zinapita pwani yetu. Ugonjwa ukawafagia mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakaleta wa Pasifiki kuziba pengo, na 1979 kimelea cha Bonamia kikaonekana Brittany kwenye chaza bapa, kikasambaa Ulaya pamoja na chaza waliokuwa wanahamishwa. Akina mama waanze na kamba zenye maganda matupu, wazitundike ndani ya hori lao wenyewe msimu wa kuzaa, mbegu zigande hapo, na ile miamba ya chaza wakubwa ya karibu wakubaliane isigongwe.