Mahakama inasema mimi mwajiriwa, baraza la kazi linasema siyo mwajiriwa, sasa hela yangu nikadai wapi??

Wakuu salamu, leo naandika nimekasirika kwa hiyo mkiona nimechapia vumilieni. Wanasheria mliomo humu njooni mnieleweshe maana wakili wangu kila nikimuuliza ananijibu "ndivyo sheria ilivyo" halafu yanafuata mambo ya malipo.

Iko hivi. Nilimfungia kampuni fulani umeme na kamera, tuna mkataba, kazi wakaipokea na kusaini, ilipofika malipo ya mwisho wakakausha. Nikaenda mahakamani. Pale masijala karani alikagua jalada langu karatasi kwa karatasi, akakuta kopi ya tatu kuna kiambatisho hakijagongwa muhuri, akanirudisha nikagonge, nikarudi, nikalipa ada, nikapewa risiti. Yaani muhuri wa kopi ya tatu aliuona! Ila kwamba mahakama yenyewe huenda haina mamlaka ya kusikiliza kesi hii, hilo halikuonwa na mtu kwa miezi 14. Mashahidi wangu wawili wameshamaliza kutoa ushahidi ndio wakili wa kampuni anasimama na pingamizi la awali, mheshimiwa huyu bwana alikuwa mwajiriwa wetu, huu ni mgogoro wa kazi, umeletwa pasipohusika. Deni hakuligusa hata kwa neno moja. Uamuzi ukasomwa kama dakika tano hivi, kesi imeondolewa, kwaheri.

Haya, nikaenda baraza la kazi. Wakili yule yule, na suti naapa ilikuwa ile ile, anasimama anasema huyu hajawahi kuwa mwajiriwa wetu, ni fundi wa kujitegemea, alikuja na drili yake na ngazi yake, hana saa ya kuingia wala ya kutoka. Nikatoa picha nimevaa fulana yenye nembo yao niko juu ya ngazi. Wakaipitisha meza nzima, wakanirudishia. Fulana haimfanyi mtu kuwa mwajiriwa, wakasema, tunaangalia nani alikuwa anakupangia kazi na kukusimamia, vifaa vya nani, unalipwa kwa kazi au kwa mwezi. Baraza halina mamlaka, nenda mahakama za kawaida. NIMETOKA HUKO JAMANI.

Danadana tupu. Nikauliza, hivi mtu anaruhusiwaje kusema hivi huku na vile kule? Si abanwe na maneno yake? Jibu nililopata ndilo lililonifanya nifungue huu uzi. Eti mamlaka ya mahakama yanatoka kwenye katiba na sheria, hayatoki midomoni mwa wadaawa, yaani sisi tunaoshtakiana. Hata mimi na hao jamaa tukikubaliana kwa maandishi kwamba hakimu huyu atusikilize, kama sheria haijampa aina hiyo ya shauri, hana. Kwa hiyo na kigeugeu cha mtu hakimpi mamlaka. Na pingamizi la namna hii sehemu nyingi linaweza kuibuliwa muda wowote, hata mkiwa rufani, na jaji anaweza kuliibua mwenyewe bila kuombwa na mtu.

Halafu cheki dunia ilivyo. Ile Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, inayoamua kesi za nchi kwa nchi, bila nchi zenyewe kukubali haiwezi kuigusa kesi. Serikali inaulizwa kwanza kama iko tayari kushtakiwa, mimi na wewe hata tukiwa tayari haisaidii kitu.

Nisieleweke vibaya, mipaka naielewa. Huwezi kuwa na hakimu mmoja wa talaka, mauaji, mipaka ya mashamba na kodi, na kesi ya mahali fulani ikasikilizwe popote mdai anapojisikia. Hata ile mahakama ya jinai ya kimataifa, ICC, haiwezi kugusa uhalifu uliofanyika kabla ya tarehe 1 Julai 2002, na nchi husika ikiwa inaushughulikia kweli kweli inatakiwa ikae pembeni. Sawa kabisa. Ninachogomba ni MUDA wa kuniambia.

Na siyo mimi nimejitungia. Kuna kesi ya meli ya Lillian S, Mahakama ya Rufani ya Kenya mwaka 1989, wanasheria wanaikariri kama sala, Jaji Nyarangi alisema mamlaka ndiyo kila kitu, bila hayo mahakama haina uwezo wa kupiga hatua moja zaidi. Hapo wote mnapajua. Ila pale pale alisema swali la mamlaka liletwe mapema iwezekanavyo na mahakama iliamue hapo hapo. Hiyo sehemu mbona hamuikariri?

Ndugu yangu wa damu kwenye haya mambo ni William Marbury wa Marekani. Kateuliwa kuwa hakimu, hati imesainiwa na kugongwa muhuri, haikumfikia, akaenda moja kwa moja Mahakama ya Juu. Mwaka 1803 Jaji Mkuu John Marshall akamwambia hati ni haki yako, ila sisi hatuna mamlaka ya kuanza na kesi yako kwa sababu sheria iliyotupa mamlaka hayo inapingana na katiba. Na huyo Marshall ndiye alikuwa waziri wakati hati inakwama ofisini kwake, hata aibu hana! Vyuoni wanaisifu kesi hiyo kwamba ndiyo iliyoipa mahakama nguvu ya kubatilisha sheria. Sawa, Marbury hati alipata? Hakupata.

Sasa saa inakimbia, madai yana ukomo wa muda. Nasikia ule muda niliopoteza kwenye mahakama isiyohusika kwa nia njema unaweza kutolewa kwenye hesabu, ila niombe, na nithibitishe sikuzembea. Mimi nithibitishe!

Nauliza mawili tu. Nikikata rufaa uamuzi wa baraza na nikafungua upya kule kwa mwanzo kwa wakati mmoja nitakuwa nimejichongea? Na ile ada ya kufungulia kesi ambayo mahakama ilikuwa haina mamlaka nayo, inadaiwaje? Risiti zote ninazo.