Video zenye ulinzi kutoka laptopu kwenda TV: HDMI, VGA, bila waya au TV boksi, kipi kina akili?

Nzovwe Juu

Wakuu, poleni na baridi. Naomba mnisaidie kuchagua kabla sijamwaga hela. Nina laptopu ya Windows na TV mbili. Ya sebuleni ni flati kubwa ya zamani. Tundu lake la HDMI lilikufa msimu wa radi, limebaki la VGA na yale matatu ya rangi: njano, nyekundu na nyeupe. Ya chumbani ni ndogo lakini HDMI zake mbili ni nzima.

Kwenye ile kubwa natumia adapta ya HDMI kwenda VGA. Video ya harusi ya mdogo wangu inaonekana safi, YouTube safi, miziki safi. Nikifungua muvi kwenye huduma ninayoilipia kila mwezi, sauti naisikia ila kioo cheusi tii. Nikichomoa waya, kwenye laptopu yenyewe inacheza bila shida.

Fundi mmoja kasema adapta ni feki. Mwingine anataka anitengenezee HDMI. Duka moja la Mwanjelwa wananishawishi nichukue TV boksi, kile kisanduku cha kuipa TV mtandao, na jirani anasema nirushe picha bila waya. Tafadhali msiniambie ninunue TV mpya, ada za shule ziko mlangoni.

Fundi wa Kabwe

Mkuu, adapta yako haina kosa, na vipimo umeshavifanya mwenyewe bila kujua. Video ya harusi haina kufuli. Muvi ya kulipia inalo. Ingekuwa waya au adapta ni mbovu, hata bibi harusi usingemwona.

Kufuli lenyewe linaitwa HDCP, lilibuniwa na Intel. Kabla kompyuta haijatoa picha yenye ulinzi kupitia HDMI, inakiuliza kifaa cha upande wa pili kama kina ufunguo. Kikijibu sawasawa, picha inatoka ikiwa imefungwa na TV inaifungua. Kisipojibu, picha haitoki. Sasa VGA ni njia ya analogi, ya tangu 1987, haina namna yoyote ya kujibu swali hilo. Hata ujaribu adapta za duka zima, jibu litakuwa lile lile. Mtu akikuuzia nyingine kwa maelezo kwamba hii ndiyo orijino, mwambie aichomeke mbele yako acheze muvi ya kulipia.

Huduma hazifanani. Nyingine zinafunga picha kabisa, nyingine zinaleta maandishi ya kosa, nyingine zinashusha ubora kimyakimya mpaka uone ukungu. Kwa hiyo usishangae jirani yako wa VGA akisema kwake inacheza.

Kuhusu kutengeneza HDMI: tundu likiwa limelegea kwa kuchomoachomoa, ni kazi ya kuchomelea tundu jipya, inafaa. Lakini wewe umepigwa na radi. Hapo mara nyingi kilichoungua ni chipu ya ndani, wakati mwingine bodi nzima. Mimi kazi hiyo siipokei mpaka nipate bodi ya TV ya aina ile ile iliyovunjika kioo. Ukiipata, HDMI ni njia nzuri. Usipoipata, utalipia majaribio.

Dada wa Gangilonga

Kamwene wote. Nzovwe Juu, kabla ya kununua chochote, chukua waya wa HDMI wa kawaida, uchomeke kwenye TV ya chumbani, ucheze muvi ile ile. Ikicheza, basi laptopu yako na akaunti yako havina tatizo.

Isipocheza, bado usikate tamaa. Huku Iringa nilihangaika na jambo hilo hilo kwenye TV yenye HDMI nzima. Kumbe laptopu ilikuwa inatoa picha kwa pamoja kwenye TV na kwenye kioo cha pembeni cha VGA. Kioo kimoja kisichokuwa na ufunguo kinatosha kuwaharibia wote. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, halafu chagua picha iende TV pekee. Funga pia programu za kurekodi skrini na zile za kumruhusu mtu aingie kwenye kompyuta yako akiwa mbali. Ukiwa umeacha moja wazi huko chini, baadhi ya huduma zinaona kuna mtu anataka kunakili na zinazima picha.

Na lile swali la ufunguo kwenye HDMI linakwama pia. Zima vyote, chomoa waya, washa TV kwanza uchague tundu sahihi kwa rimoti, kisha washa laptopu. Linaonekana jambo la kijinga, ila umeme ukikatika na kurudi ghafla, kwangu ndiyo dawa ya kwanza.

Mpunga wa Igurusi

Mimi natetea njia ya jirani. Bila waya ni raha. Kitufe cha Windows pamoja na K, TV inatokea kwenye orodha, unaichagua, basi. Hakuna waya wa kukwaza watoto.

Fundi wa Kabwe

Raha ipo, ila tutenganishe mambo mawili ambayo watu wanayachanganya.

Hiyo ya K ni Miracast. Laptopu inarusha skrini yake yote kwenda kwenye TV kwa Wi-Fi, kwa hiyo laptopu ndiyo inayofanya kazi yote, na kufuli la HDCP linabaki pale pale, sema linapita hewani. TV ikiwa na Miracast isiyoelewana vizuri na laptopu, utaona kioo cheusi bila hata waya wa kulaumu. Na picha hukwamakwama.

Ya pili ni ile alama ya kutuma ndani ya huduma yenyewe, mtindo wa Chromecast uliotoka 2013. Hapo laptopu au simu inabaki kuwa rimoti tu. Kifaa cha kwenye TV kinakwenda mtandaoni kuichukua video chenyewe na kufungua kufuli chenyewe. Hiyo ndiyo nzuri kwa video zenye ulinzi. Ila ukituma kichupo kizima cha Chrome badala ya kubonyeza alama iliyo ndani ya kicheza video, umerudi kwenye kurusha skrini, na giza linaweza kurudi nalo.

Kwa TV ya Nzovwe isiyo janja na isiyo na HDMI, zote mbili hazina pa kushikia.

Nzovwe Juu

Ndaga fijo. Nimechomeka ya chumbani kwa HDMI, inacheza vizuri. Kwa hiyo tatizo ni sebuleni tu. Sasa TV boksi si inamaliza kazi? Jamaa wa duka anasema ni 8K.

Dada wa Gangilonga

8K kwenye TV ya VGA! Muulize anajua TV yako ina matundu gani.

Tatizo ni hili: boksi nayo inatoa picha kwa HDMI, na HDMI yake ina kufuli lile lile. Ukiiunganisha kwenye adapta yako ya VGA, umebadilisha mgonjwa, ugonjwa umebaki. Afadhali boksi yenye tundu la AV, yale ya njano, nyekundu na nyeupe. Hapo kuna huduma zinakubali kutoa picha ya ubora wa chini. Kwenye kioo kikubwa maandishi hayasomeki vizuri, ila watoto hawajali.

Halafu boksi za bei chee zina shida yake. Kwenye Android ulinzi wa video unaitwa Widevine, ni mali ya Google, na una ngazi. L1 inafungua kufuli ndani ya sehemu salama ya chipu, L3 inafungua kwa programu tu. Boksi nyingi za mtaani ni L3, na huduma kubwa zinaipa L3 picha ya ubora wa kawaida hata kama gamba limeandikwa 4K kwa wino wa dhahabu. Kuna programu ndogo iitwayo DRM Info, inaonyesha ngazi. Iombe iwekwe pale pale dukani.

Baridi ya Makete

Mnazunguka sana. Kuna vigawanyio vya HDMI vya Mchina, moja inaingia mbili zinatoka, vinavua hilo kufuli. Chomeka hapo katikati kabla ya adapta, mambo kwisha.

Fundi wa Kabwe

Vipo, navijua, na sivipendekezi kwa mteja. Kinachovua leo, mzigo ujao wenye gamba lile lile hauvui, kwa hiyo unacheza kamari. Tena kuvunja kufuli ni kinyume cha masharti ya huduma anayoilipia. Mtu amelipa kihalali, kwa nini umtumbukize kwenye kona?

Kijana wa Tunduma

Naomba kudandia uzi. Mimi nina kibanda umiza, nataka nionyeshe muvi za hizo huduma kwa projekta. HDMI itatosha?

Dada wa Gangilonga

Picha itatoka kama projekta ina HDCP. Ruhusa ndiyo huna. Akaunti ya nyumbani ni ya nyumbani. Kuonyesha hadharani kwa kiingilio ni haki nyingine chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Anza na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndipo uje kwenye waya.

Mpunga wa Igurusi

Nzovwe, kuna kitu cha bure hujajaribu. Badilisha brauza. Kwangu Edge iligoma kwenye VGA, Firefox ikacheza, picha hafifu kidogo.

Fundi wa Kabwe

Hiyo ni kweli na ina sababu. Kwenye Windows, Edge pamoja na programu nyingi za huduma unazopakua hutumia ulinzi wa Microsoft uitwao PlayReady, unaoweza kushikamana na chipu ya picha. Unaleta ubora wa juu, na masharti yake ni makali. Firefox hutumia Widevine ya kiprogramu, huduma inaipa picha ya chini na mara nyingi haidai HDCP. Kwa VGA hiyo ndiyo ya kujaribu leo kabla ya kutoa hata shilingi. Kwa TV ya HDMI nzima fanya kinyume chake, tumia Edge.

Na picha ya chini inaokoa bando. Netflix wenyewe wanasema saa moja ya ubora wa kawaida ni hadi GB 1, HD hadi GB 3, 4K hadi GB 7. Kama unatumia hotspoti ya simu, HD kila jioni itakumaliza kabla ya mwezi.

Nzovwe Juu

Firefox imekubali! Ukungu upo ila sura naziona. Boksi nimeachana nayo. Nitatafuta flati ya mtumba yenye HDMI, hii kubwa mzee ataendelea nayo kwa taarifa ya habari kupitia king'amuzi, kile kinatumia AV wala hakina habari na haya.

Fundi wa Kabwe

Sawa mkuu. Ukienda kuitazama, beba laptopu yako, waya wako na bando kidogo. Wauzaji wanakuwekea fleshi ya miziki, na hiyo inacheza kwenye tundu lolote. Wewe fungua muvi ya kulipia kwa Edge, uijaribu kwenye kila tundu la HDMI moja baada ya jingine. Kama ni ya 4K, angalia maandishi ya HDCP 2.2, toleo la lile kufuli kwa picha za 4K, pembeni ya matundu, kwa sababu nyingi za mwanzo zilikuwa nalo kwenye tundu moja tu. Na uulize kama imewahi kupigwa radi, ingawa jibu unalijua.