Eti kanzu ni nguo ya kulalia?! Meli za Waingereza nisizisikie tena

Kijana wa Darajani

Wakuu, leo sina salamu. Salamu zangu zote nimeziacha mlangoni mwa chumba cha kulia pamoja na heshima yangu.

Ndio kwanza tumeshuka meli ya kitalii hapa Southampton, niko ndani ya basi la kurudi Northampton, mama watoto amelala kashiba, mimi vidole vinanitetemeka. Kampuni mnaijua. Siitaji, lakini mnaijua, msijifanye.

Nyumbani tulibishana hadi jirani akagonga ukuta: twende na Waingereza au na Wamarekani? Mwanangu alitaka Wamarekani, eti kuna mteremko wa maji na roboti anayechanganya vinywaji. Mimi nikasema hapana, Waingereza ni watu wa adabu, birika la chai liko chumbani, bili inakuja kwa pauni. Tukaenda kuangalia fiyodi za Norwei, zile ghuba nyembamba kati ya milima, kwa adabu.

Ukafika usiku wa mavazi rasmi. Nikatoa kanzu. Sisemi kanzu ya kuvaa kwenda kununua mkate! Kanzu ya melimeli, kaba imedariziwa kwa hariri, juu yake koti jeusi, na kofia ya kiua aliyonishonea shangazi yangu kwa mkono, kitundu kimoja kimoja, macho yakamwisha. Kofia hiyo ndiyo niliyoolea. Udi sikuweza kufukiza kwa sababu ya kengele ya moshi, nikajipaka mafuta yake nyuma ya masikio. Kwenye lifti bibi mmoja wa Kiingereza alinipisha akidhani mimi ndiye mwenye meli.

Mlangoni, mbele yetu, Mskochi. Kavaa sketi. SKETI, wakuu. Magoti yako nje, mekundu kama nyanya, na kimkoba cha manyoya kinaning'inia pale mbele. Yule bwana wa mlangoni akamwinamia mpaka nikaogopa mgongo utamkatika. Karibu mheshimiwa, umependeza mheshimiwa.

Nikafika mimi. Akanitazama kuanzia kofia hadi kiatu, akatabasamu lile tabasamu lao la meno mawili, akasema: "Samahani bwana, wageni hawaingii hapa na nguo za kulalia. Bufee iko juu, wazi hadi usiku."

Nguo za kulalia.

Mtu mwenye magoti nje kapita. Mimi niliyefunikwa hadi kisigino, nguo za kulalia. Foleni nzima kimya. Nyuma yangu mtoto akamuuliza mama yake kama na yeye anaweza kuja na pajama kesho.

Nikapanda bufee. Nimekula viazi na maharage ya kopo nimevaa melimeli, pembeni yangu kijana kifua wazi, anachuruzika maji ya bwawa. Yeye hakuna aliyemuuliza kitu.

Mwakani ni Wamarekani. Wale watu wanakula na kaptula, hawana habari na mtu. Nipeni majina ya meli. Ila magoti, jamani! Magoti yamepita!

Mama Nasra

Pole sana kaka. Nina swali moja tu. Shemeji alifanyaje?

Kijana wa Darajani

Aliingia.

Kinyozi wa Luton

Aliingia wapi?

Kijana wa Darajani

Chumba cha kulia. Yeye alivaa gauni la kumetameta na mtandio, wakamkaribisha. Kasema si vizuri meza ikae tupu, tumeshalipia.

Kinyozi wa Luton

Na alikula nini huyo shemeji, kwa uchungu?

Kijana wa Darajani

Kambakoche. Wawili. Wake na wangu. Mhudumu alipomuuliza mumewe yuko wapi akasema anaumwa tumbo.

Mama Nasra

😂😂😂 Uzi ufungwe. Shemeji apewe ukumbi wake.

mpare_halisi

Mkuu, weka picha ya kanzu tuhukumu wenyewe. Kuna kanzu, na kuna zile za kitambaa cha pazia.

Kijana wa Darajani

Nimesema melimeli. Husomi?

Dokta Mkunde

Kwa faida ya wengine: ile si sketi, inaitwa kilti, ni vazi la heshima la Waskochi. Na kampuni nyingi za Kiingereza zinakubali vazi rasmi la taifa la mtu kwenye usiku wa aina hiyo, kilti ikiwa mojawapo. Kwa hiyo kanzu na koti ilikuwa haki yako kabisa. Ungemwita meneja.

Kijana wa Darajani

Sketi.

Dokta Mkunde

Kilti.

Kijana wa Darajani

Ina mikunjo? Ina. Inaishia gotini? Inaishia. Dokta, hiyo ni sketi, na imepita mlangoni, na melimeli imerudishwa.

Dada wa Slough

Wewe kaka unawakimbilia Wamarekani hujui unachokitafuta. Mimi nimetoka kwao majuzi, na kampuni nayo mnaijua. Kwanza chumbani hakuna birika. Hakuna! Nilibeba langu kutoka nyumbani, mashine ya ukaguzi ikaliona, likachukuliwa, likawekwa kwenye kile chumba chao cha mali haramu pamoja na pasi za nguo za watu. Nikaomba chai ya maziwa, nikaletewa glasi ya barafu yenye limau. Nikasema ya moto. Nikaletewa kikombe cha maji ya uvuguvugu, kipakiti cha majani kimelala pembeni hakijafunguliwa, na unga unaodai kuwa ni maziwa. Nikanywa huku nalia.

Na hapo bado bakshishi. Wale wanakukata kila siku, kwa kila kichwa, hata mtoto ambaye kazi yake ni kumwaga juisi. Piga hesabu: dola 18 kwa kichwa kwa usiku, watu wanne, safari ya wiki moja, hizo ni dola 504 kabla hujagusa soda. Ukiigusa soda nayo ina asilimia yake ya huduma. Waingereza wana afadhali, P&O waliacha kukata hiyo tangu 2019, na kwa Marella, kampuni nyingine ya huko, bakshishi iko ndani ya nauli. Mimi ningevaa hata gunia nikae njaa mlangoni kuliko ile bili ya asubuhi ya mwisho iliyopenyezwa chini ya mlango kama hati ya mahakama.

Kijana wa Darajani

Lakini mlangoni hawakukuita umevaa pajama.

Dada wa Slough

Hapana, maana aliyekuwa mlangoni mwenyewe alivaa kofia ya samaki papa. Ilikuwa usiku wa papa.

Baharia Mstaafu

Vijana, mnabishana bure. Mimi nimeosha deki za hao na za hawa. Mnadhani mnachagua nchi? Cunard, kampuni ya meli iliyo fahari ya Waingereza, aliyeianzisha alizaliwa Halifax, Kanada, na tangu 1998 mwenye mali ni Carnival wa Miami. P&O Cruises nayo iliangukia mikono hiyohiyo 2003. Yaani mnachagua kati ya mfuko wa kulia na wa kushoto wa suruali moja, na suruali imeanikwa Florida. Nendeni mkasome bandari ya usajili nyuma ya Queen Mary 2, meli ya Cunard: imeandikwa Hamilton, ya Bermuda, tangu 2011. Waliihamisha usajili ili waweze kufungisha ndoa baharini, sheria ya Uingereza haikuwaruhusu. Fred. Olsen wa Ipswich ni familia ya Wanorwei. Marella ni ya TUI, Wajerumani. Ukitaka Mwingereza asiyechanganywa maji nenda Saga, ila hawachukui watoto, uwe umegonga miaka 50.

Na hao "Wamarekani" wenu? Royal Caribbean ilianzishwa na Wanorwei 1968, imeandikishwa Liberia, meli zake nyingi zinapeperusha bendera ya Bahamas. Anayetandika kitanda ni Mfilipino, anayepika ni Mhindi wa Goa, kwa hao na kwa hawa. Dada wa Slough, ile bakshishi unayoililia ndiyo mshahara wa mtu aliyeacha watoto miezi tisa. Ukienda dawati kuiondoa unamchomolea yeye.

Dada wa Slough

Basi wampe mshahara! Mimi ndiye niliyemwajiri?

Kinyozi wa Luton

Baharia, kwa hiyo hata Titanic haikuwa ya Waingereza?

Baharia Mstaafu

Bendera ya Uingereza, imetoka Southampton Aprili 1912 kama alivyotoka huyu mwenye kanzu. Lakini mwenye White Star Line, kampuni ya meli hiyo, alikuwa J. P. Morgan, tajiri wa New York. Mambo haya hayakuanza leo.

mpare_halisi

Nayo ilikuwa na usiku wa mavazi rasmi. Mleta uzi shukuru Mungu, huenda yule bwana alikuokoa.

Kijana wa Darajani

Aliniokoa na kambakoche?

Mwana wa Kisauni

Hapa Mombasa hizo meli zinakuja, watu wanashuka na kaptula wanapiga picha Fort Jesus, wanarudi kula huko huko ndani, hata madafu hawanunui. Mimi namwona kila mmoja ni yule yule, Muingereza na Muamerika. Yule wa Muamerika tu anaongea kwa sauti.

Mama Nasra

Kisauni, angalau nyinyi mnawaona. Mimi nina pasi ya Tanzania nikiishi hapa Uingereza, nikienda fiyodi za Norwei lazima niwe na viza ya Shengeni, ile ya nchi za Ulaya, ya kuingia zaidi ya mara moja. Nikitaka kupandia Miami, viza ya Marekani. Mnabishana kuhusu mlango wa chumba cha kulia wakati wengine mlango wetu uko ubalozini, na pale hata ukivaa tai nyeusi hawakuinamii.

Kinyozi wa Luton

Mama Nasra umenikumbusha ile kampuni ya kukusanya maombi ya viza. Mnaijua. Alama za vidole zangu wamezichukua hadi zimefutika.

mpare_halisi

Mimi walinirudisha kwa sababu picha ilikuwa na kivuli cha sikio. Sikio langu mwenyewe!

Mama Nasra

Na ada hawarudishi.

Kinyozi wa Luton

Thubutu.

Kijana wa Darajani

Samahani wakuu, uzi ni wangu. Tulikuwa kwenye magoti.

Bi Mwana Chake

Nyie wa Ulaya mna shida za starehe. Njooni mpande boti ya Unguja kwenda Pemba kipindi cha kusi. Mnaijua ni ipi. Pale hakuna anayekuuliza umevaa nini, mhudumu anakupa mfuko mweusi kabla hujakaa, na anakutazama kwa huruma ya mtu anayejua. Mara ya mwisho aliyekaa nami kabeba doriani kwenye kikapu, madirisha yote yamefungwa.

mpare_halisi

Doriani inaruhusiwa kwenye boti?

Bi Mwana Chake

Kaiita fenesi.

Kinyozi wa Luton

😂 Na akapita?

Bi Mwana Chake

Akapita, mimi kitenge changu nikaambiwa nikipime, kizito. Mfuko ukajaa kabla hatujaiacha Nungwi.

Baharia Mstaafu

Ukikaa karibu na injini ni kosa lako. Kaa katikati, chini, usile maandazi asubuhi.

Bi Mwana Chake

Maandazi yana kosa gani sasa? Mimi natapika kwa doriani, mzee wangu.

Dada wa Slough

Doriani ya Pemba mnauzaje siku hizi? Kuna mtu anakuja mwezi ujao?

Bi Mwana Chake

Mdogo wangu anakuja na Qatar. Njoo pembeni tuongee, ila asijue mtu wa ndege.

mpare_halisi

Na mimi mbili, nipo Reading.

Mwana wa Kisauni

Na pweza mkavu?